Kazi Haitajwi Kabla ya Mshahara

Kalemie mtu aliyepata kazi hujulikana kwa ukimya wake. Juzi alikuwa kibarazani na wenzake akilalamikia maisha. Leo anapita akisalimia kwa kifupi, viatu vimepakwa rangi, na ukimwuliza anakokwenda atakuambia anakwenda kumwangalia mgonjwa. Kigoma, ng'ambo ya ziwa, mtu akipata kazi majirani hupata habari jioni hiyohiyo. Bujumbura husubiri kidogo. Hapa hatasema neno mpaka aushike mshahara wa kwanza mkononi, kwa sababu kazi ambayo haijalipa ni kama mimba changa, na macho ya watu yanaweza kuiharibu. Akishalipwa atawaita rafiki zake na kuwanunulia vinywaji, jambo wanaloliita kuaroze, yaani kuimwagilia kazi maji ikue. Hapo ndipo wote watajifanya wameshangaa.

Kampuni nayo hufichwa hivyohivyo, na yule anayejua kampuni zote zilizofichwa mjini ni Papa François. Alikuwa karani wa reli enzi ambazo treni zilikuwa na ratiba. Siku hizi ana meza, kompyuta na mashine ya kuchapa chini ya baraza la duka lililofungwa, kwenye Avenue Lumumba. Watu humletea barua za kuomba kazi, mikataba ya kusomewa, na karatasi za kufungulia biashara. Humletea na maswali, na maswali hayo hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka.

"Papa François, sosieti inaweza kuanza bila kashe?"

"Inaweza. Lakini nani ataiamini?"

Sosieti ni kampuni na kashe ni mhuri, na wengi hufika kwake wakiwa nao tayari mfukoni, umechongwa vizuri, una picha ya samaki au ya tai, wakati kampuni yenyewe haijawa hata na jina linalokubalika. Kuna aliyefika na mhuri na kalenda za ukutani zenye sura yake. Papa François hacheki. Huvuta kiti cha plastiki, humwambia mtu akae, na huanza kuuliza yeye.

Evodie alifika kwenye kiti hicho mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, amefunga kikwembe cha sokoni chenye magamba ya samaki yaliyokaukia pindoni. Hakuwa na mhuri. Alikuwa na swali moja, akaliuliza kabla ya kukaa.

"Lazima bwana yangu atie sinyatire?"

"Zamani, ndiyo, bwana alikuwa anasaini. Sasa sheria ilibadilika. Mwanamuke anafungua sosieti yake yeye mwenyewe."

"Basi hapana kumwambia."

"Mama Evodie, mi sikusema vile. Nilisema sheria."

"Andika, Papa François."

Aliandika. Jina la kampuni lilikuwa Tegemeo, kazi yake kutengeneza na kuuza barafu.

Evodie alizaliwa Niemba, kando ya reli, kwa baba aliyelima mihogo na kuwauzia abiria wa treni. Treni zilipopungua, aliletwa Kalemie kwa shangazi yake, muuza samaki, na hakuondoka tena. Alijifunza kuzianika ndakala, samaki wadogo wa ziwa, juu ya mchanga na juu ya vichanja. Alijifunza kuwajua wavuvi kwa taa zao na kwa uongo wao. Hakuwahi kuajiriwa na mtu. Mumewe naye hakuwahi. Pontien ni frigoriste, fundi wa majokofu. Alikuwa akitembea mji mzima na begi lake la vyuma akiwatengenezea watu friji, na akilipwa siku ile kama mwenye friji anazo, au akiambiwa apite tena. Kwa kazi hizo mbili walimsomesha mtoto wao wa kwanza, Joël, hadi Lubumbashi, na wadogo zake wakamfuata. Lakini katika nyumba yao ya Kataki hakikuwahi kuingia kitu kinachoitwa mshahara, wala hakikuwahi kuingia chombo cha kazi kisichoweza kubebwa begani.

Kila msimu wa mvua jua huwatoroka wauza ndakala. Samaki huja, hutandazwa, mvua hunyesha, samaki huoza. Wenye barafu hununua samaki huyohuyo asubuhi kwa bei ya huruma na kumuuza mchana mbichi kwa bei ya harusi. Evodie alilitazama jambo hilo miaka mingi. Zamu yake ilipofika katika likelemba, ule mchango wa wanawake wa sokoni ambao kila mmoja hupokea kwa zamu, aliagiza mashine ya barafu iliyotumika kutoka Kigoma.

Ilikuja kwa boti, katikati ya mifuko ya saruji, imefungwa kwa turubai la bluu. Bandarini aliwaambia wapakuaji kwamba ni jenereta la kanisa. Wakaibeba kwa heshima hadi kwenye ua aliokuwa amepanga karibu na daraja la Lukuga, pale ambapo mto hutoka ziwani na kuelekea Kongo ya ndani.

Aliinunua mashine iliyotumika, na wala hakuogopa, kwa sababu alikuwa na fundi. Fundi huyo alilala naye kitanda kimoja. Mpango wote wa Tegemeo ulisimama juu ya Pontien: yeye ndiye angeiwasha, angeisikiliza, angeijaza gesi, angeamka ikikohoa. Mfanyabiashara mwingine angemwambia fundi wake kabla ya kununua. Evodie hakumwambia, na sababu yake kila mtu wa hapa angeielewa. Habari anayopewa mume huingia kwa ndugu zake, na ndugu wa Pontien wote walikuwa ndani ya mtu mmoja, dada yake mkubwa Rachelle, aliyemlea. Rachelle akijua, Jumatatu vijana wa ukoo mzima wangepanga mstari uani wakiomba kuwa makatibu. Evodie alikusudia kumwonyesha mumewe mashine ikiwa imeshasimama mahali pake, kabla ya kuwashwa.

Wiki mbili tatu baadaye, Pontien alikaa kwenye kiti kilekile cha plastiki.

Kampuni moja ya wakandarasi ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza mitambo huko Bendera, kwenye maporomoko yanayoleta umeme Kalemie. Ilitafuta mafundi, na Pontien aliomba. Mkataba ulikuwa mezani, kurasa kadhaa za Kifaransa, na yeye alitaka kila mstari aelezwe. Aliuliza kama kipindi cha majaribio kinalipwa. Aliuliza kama akiugua siku ya kwanza atafukuzwa. Aliuliza kama viatu vya kazi anapewa au ajinunulie. Papa François alijibu kimoja kimoja: kinalipwa, hafukuzwi akiwa na karatasi ya daktari, viatu wanasema watatoa lakini ajinunulie.

"Na siku ya posho, ile Jumamosi, nikishuka huku, naweza kutengeneza frigo za watu?"

Papa François aliweka kidole kwenye mstari. "Hapa wanasema hapana. Kazi ingine yoyote, ya kulipwa ao ya bure, bila ruhusa ya patron, hapana. Zaidi mu majaribio."

"Hata ya bibi yangu?"

"Bibi yako iko na frigo?"

"Hana. Nauliza tu."

Papa François alitazama ziwa kidogo. Kisha akasema, "Muntu akisaini, kwanza anaongea na nyumba yake."

"Bibi yangu anauza samaki, Papa François. Soko iko na mudomo mukubwa kuliko hili ziwa. Nikimwambia leo, kesho hata wavuvi watajua. Nitamwambia nikishalipwa."

"Njo vile," alikubali Papa François, na akampa kalamu.

Hivyo katika nyumba moja walikaa watu wawili wenye habari njema, kila mmoja akimficha mwenzake kwa adabu. Pontien aliona saruji kwenye kandambili za mkewe, akafikiri anajengea kaburi la shangazi yake aliyefariki, hakuuliza. Evodie aliona buti mpya za mpira chini ya kitanda na mashati yanapigwa pasi siku za kazi. Hilo lilimfurahisha. Alidhani mumewe amenusa habari ya mashine na anajiandaa kimyakimya kuwa fundi mkuu wa Tegemeo, na kwamba kutouliza kwake ni heshima. Watu wa mji huu wanajua kusoma ukimya, ila wiki hizo kila mmoja aliusoma wa mwenzake kwa maandishi yake mwenyewe.

Jumapili moja baada ya misa, Evodie alimwambia mumewe watembee hadi Lukuga. Pontien alikubali upesi. Lori la Bendera lilikuwa linaondoka Jumatatu asubuhi, na alitafuta mahali patulivu pa kumwambia kwamba anasafiri kumwangalia mjomba mgonjwa.

Uani Evodie alifungua kufuli, akavuta turubai. Pontien alisogea karibu. Aliizunguka mashine jinsi anavyozunguka friji ya mteja yeyote, akaweka kiganja kwenye bomba, akainama, akafungua kifuniko cha nyuma kwa sarafu aliyokuwa nayo mfukoni.

"Ya nani?"

"Ya sosieti."

"Sosieti ya nani?"

"Ya mi."

Pontien alichuchumaa. Alifuta vumbi kwenye kompresa kwa mkono wa shati la kanisani. "Kompresa iko muzuri. Walikuuzia Kigoma?"

"Kigoma."

"Hawakukuibia. Nani atakuwa anaiangalia?"

"Papa Joël, usinichekeshe. Nani tena?"

Pontien alirudisha kifuniko, akakaza skrubu zote kabla ya kujibu. "Mama Joël, kesho asubuhi mi naenda Bendera."

"Kuangalia mugonjwa?"

"Kufanya kazi. Nilisaini kontra."

Wavuvi walikuwa wakipita nje ya ua na nyavu zao zilizokauka. Evodie aliwasubiri wapite.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ianze."

"Mi pia, tangu mvua ianze. Na nani alikusomea hiyo kontra?"

Walimkuta Papa François nyumbani kwake, amevua viatu, anakula bukari, yaani ugali, na samaki wa mikebuka wa kukaanga. Aliwaona wakiingia pamoja, akanawa mikono kabla ya kumaliza.

"Ulijua," alisema Evodie.

"Nilijua."

"Ya wote wawili."

"Ya wote wawili. Na ya jirani yenu, na ya pasta wa pale chini. Mama, kazi yangu ni kupiga mashini, si kupiga mudomo. Kama ningekuambia ya bwana yako, wewe mwenyewe ungerudi kwangu?"

Evodie alifikiri. "Hapana," alisema, na ukweli huo ulimwudhi zaidi.

"Mi nilijaribu," Papa François alimgeukia Pontien. "Nilikuambia uongee na nyumba."

"Watu wote wanasema vile," Pontien alisema. "Ni kama kusema safari njema."

Rachelle walimkuta mlangoni kwao. Kila Jumapili alikuja kula, na siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kizingiti na kitabu chake cha nyimbo mapajani, kwa kuwa nyumba ilikuwa imefungwa na sufuria ilikuwa baridi. Ni mwanamke mkubwa, wa kwaya, na sauti yake hata akinong'ona inafika kwa jirani. Walimweleza, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe mulikuwa munanificha mimi."

"Yaya, si wewe," Pontien alianza kumwambia dada yake.

"Ni mimi. Bibi yako alifikiri nitaleta watoto wote wa famiye kuomba kazi."

Evodie alitazama chini.

"Na ningewaleta," Rachelle alisema. "Lakini kwanza ningewauliza ninyi wawili mupangiane. Sasa mu hii nyumba, muntu mumoja tu ambaye hakuwa na siri njo ule muliyemwogopa. Mi sikukuja kuomba kazi. Nilikuja kula."

Evodie aliwasha jiko. Wakati maji ya ugali yanachemka, Rachelle alitoa hukumu yake kama dada mkubwa. Mashine imeshanunuliwa, alisema, na mashine haiwezi kurudi ng'ambo. Mkataba unaweza kurudi. Pontien apeleke barua asubuhi kwenye lori, aseme amepata shida ya familia, abaki. Mashine bila fundi ni sanduku. Na sanduku hilo lilinunuliwa kwa jasho la wanawake wa sokoni, kila mmoja na zamu yake.

Pontien hakubisha. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, na kupitia mlango ulio wazi buti za mpira zilionekana karibu na miguu yake, tangu zitoke kiwandani hazijagusa tope.

"Nitabakia," alisema.

Evodie aligeuza ugali. Kama Pontien angebaki, Tegemeo ingefunguliwa wiki ile, na jambo alilolihangaikia lingekuwa limepona. Ingekuwa rahisi. Lakini kwa mara ya kwanza tangu waoane, mtu asiyewajua alikuwa ametazama kazi ya mumewe na kuamua kuilipa kila mwezi, awe amepata friji mbovu au hakupata. Na yeye pia alikuwa ameiandika kampuni kwa jina lake peke yake, baada ya kuuliza kama sheria inamruhusu, na sheria ilimruhusu.

"Enda," alisema. "Lakini hutoki hapa kabla ya kunifundisha ile mashine."

"Mama Joël, ile kazi nilijifunza miaka."

"Hapana kunifundisha kazi. Nifundishe ile moja."

Walikula haraka, wakarudi Lukuga wote watatu. Rachelle alipoona turubai la bluu alisimama.

"Njo jenereta ya kanisa, hii?"

Evodie alianza kukunja turubai.

"Kwaya nzima ilimushukuru Mungu," Rachelle alisema. "Tuliimba."

Alicheka peke yake, akakaa juu ya ndoo, na alikuwa akicheka tena kila baada ya muda mchana ule wote.

Pontien alifungua mashine na kuanza kueleza. Mwanzoni alieleza kama mtu anayezungumza na fundi mwenzake, na Evodie hakuelewa kitu. Ndipo alipomshika mkono na kuuweka juu ya mabomba. Hili lazima lichome. Hili lazima litoe jasho kama chupa ya bia. Likiacha kutoa jasho, gesi inatoroka. Alimfanya afumbe macho na kusikiliza: kompresa yenye afya huguna kwa sauti moja kama mtu aliyelala vizuri, ikianza kugonga, zima, usingoje. Alimwonyesha vibati ambamo maji hugandia ndani ya tangi la maji ya chumvi, na jinsi ya kuonja chumvi hiyo kwa ncha ya ulimi.

Skrubu zilikuwa nyingi na zilifanana. Evodie alitoa kwenye mkoba wake kichupa cha rangi nyekundu ya kucha.

"Zile ambazo sipaswi kugusa, pakaa."

Pontien alipaka. Alianza na chache, akaongeza, akaendelea hadi mgongo mzima wa mashine ukawa na madoa mekundu.

"Umebakisha nini?" Evodie aliuliza.

"Swichi," alisema.

Jumatatu lori liliondoka likiwa na Pontien juu ya mizigo, buti mguuni. Majirani walimwona, na jirani wa kwanza aliyemwuliza Evodie alijibiwa kwamba ameenda kumwangalia mjomba mgonjwa. Jirani alimtakia mjomba afya njema, kwa sauti ya mtu anayejua.

Barafu ya kwanza ilitoka siku iliyofuata, na wavuvi waliinunua yote. Wiki hiyo wanawake wa sokoni waliacha kumwita Mama Joël, wakamwita Mama Pedeje, cheo cha wakubwa wa makampuni, nusu kwa mzaha. Habari za Bendera nazo zilivuja zenyewe, maana dereva wa lori ana wake zake. Umeme ulipokatika, kama unavyokatika mvua ikiangusha nguzo, walimfuata mpaka uani.

"Mama Pedeje, kuran imeenda. Ambia bwana yako airudishe."

"Ambia ile nguzo," alijibu Evodie.

"Usiku unalala vizuri peke yako? Ao bwana yako alikata na kuran ya kitanda?"

Alicheka pamoja nao. Mashine iliguna, mabomba yalitoa jasho, na kila asubuhi aliweka kiganja pale alipofundishwa kukiweka.

Kisha asubuhi moja bomba lilikuwa kavu. Evodie alingoja kidogo, akagusa tena. Lilikuwa kavu. Kwenye vibati barafu ilikuwa laini katikati kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Aliifahamu habari hiyo vizuri kwa kuwa aliambiwa maneno yake: gesi inatoroka. Na skrubu zote zilizokuwa njiani zilikuwa nyekundu.

Angeweza kumpigia Pontien. Huko Bendera mtandao hupatikana kwa kupanda kilimani, na yeye hupanda kila jioni. Lakini alimjua mumewe. Angesikia kwamba mashine imekufa, angeshuka usiku huohuo kwa pikipiki yoyote, na bado alikuwa kwenye majaribio. Mshahara wa kwanza ulikuwa haujafika. Angeokoa mashine na kuipoteza kazi, na kwa mkataba ule hata kugusa ile mashine hakuruhusiwa. Wakati huohuo wavuvi walikuwa wanangoja nje, na aliyekosa barafu leo kesho hurudi kwa wale wa zamani.

Kalemie kuna frigoriste mwingine, Wilfried. Pontien alimtaja mara nyingi na kila mara kwa dharau. Wilfried, alisema, huamsha kompresa kwa kuigonga na nyundo, kama mtu anayemwamsha mlevi. Evodie alimwita Wilfried.

Alikuja na begi lake, na nyundo ilikuwa juu kabisa. Alitazama madoa mekundu, akauliza kama ni ugonjwa. Lakini alipata mahali gesi inapotoroka, akapachoma, akajaza, na alasiri bomba lilianza kutoa jasho. Evodie alimwuliza kama angetaka kufika kila siku.

"Kama mufanyakazi?"

"Kama mufanyakazi. Na kontra."

Wilfried alikaa chini. Alikuwa na nywele nyeupe na hakuwahi kuulizwa swali hilo. Kisha maswali yakaanza kumtoka, yaleyale. Kipindi cha majaribio kinalipwa? Akiugua siku ya kwanza? Viatu?

Kesho yake walikaa kwenye meza ya Papa François, Evodie kwenye kiti cha plastiki na Wilfried kwenye kreti la bia. Papa François aliandika bila kuinua macho.

"Jambo moja, Mama Pedeje," Wilfried alisema. "Hapana kuambia muntu mpaka mushahara ya kwanza."

"Hata bibi yako?"

"Zaidi ule."

Evodie alitazama barabara. Kijana mmoja alikuwa akipita upande wa pili, viatu vimepakwa rangi, haraka, bila kumtazama mtu.

"Kwangu hapa," alisema, "muntu anaingia kazi wakati bibi yake anajua. Ao bwana. Kama hajui, haingii."

"Mama, hiyo si sheria."

"Ni sheria ya sosieti."

Papa François aliinua vidole kutoka kwenye kompyuta. "Niandike mu kontra?"

"Andika."

Aliandika, akasoma kwa Kifaransa kizuri cha reli. Wilfried alijikuna shingo, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani. Alirudi baada ya muda na mkewe, aliyetaka kuusikia mstari huo mwenyewe, na akauliza kama na waume wengine wanaweza kuandikiwa.

Jioni Evodie alingoja saa ya Pontien kupanda kilima, akapiga.

"Mama Joël. Mashine?"

"Inatembea. Gesi ilikuwa inatoroka, ilitengenezwa. Nilichukua mufanyakazi, anaanza kesho. Nakuambia leo."

"Nani?"

"Wilfried."

Upepo wa kilimani ulisikika, na mtu mwingine karibu naye akizungumza Kiluba kwenye simu yake.

"Ule wa kupiga frigo na nyundo?"

"Njo ule."

Kimya kilikuwa kirefu, na safari hii Evodie hakujaribu kukisoma. Alisubiri.

"Umufiche nyundo," Pontien alisema.

Evodie alitazama chini ya kiti chake, mahali alipokuwa ameshaificha tangu asubuhi.